Mwenyeji Hakai

Stanojka aliijua miguu ya mume wake kabla ya kuijua sura yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, anapalilia vitunguu nyuma ya nyumba ya mama yake, na kila asubuhi mtu alipita juu ya tuta la reli akigonga chuma kwa nyundo. Hatua ndefu, zisizosita. Gonga, hatua, gonga. Aliponyanyua kichwa kumtazama usoni, ilikuwa Vidosav, mkaguzi mpya wa njia ya reli, na kwa kweli uso haukuwa wa kusimuliwa. Lakini miguu ile, jamani! Mama yake alisema mwanamume mwenye miguu ya namna hiyo hawezi kuiacha nyumba ikalala njaa, akamwoza binti yake.

Miaka thelathini na miwili Vidosav alitembea kilomita kumi na nne kwa siku, kutoka kituo cha Kamenjača hadi daraja la pili na kurudi, nyundo begani, spana kiunoni. Theluji ya magoti, yuko njiani. Mvua ya wiki nzima, yuko njiani. Alikuwa akigonga reli na kusikiliza, kwa sababu chuma kizima hujibu kwa sauti yake na chenye ufa hujibu kwa sauti nyingine, na yeye hakuwahi kukosea. Kama kuna mtu Kamenjača aliwahi kumwona amekaa kitako katikati ya kazi, basi ajitokeze ataje na siku yenyewe.

Na alivuta sigara. Hilo lazima nilitamke mapema, maana watu wa huku tunapenda kulaumu upepo, laana, na maji ya kisima, tunaiacha sigara imekaa mdomoni. Pakiti mbili kwa siku. Stanojka akimwambia utajimaliza wewe, alimjibu kwamba babu yake alivuta mpaka miaka tisini na akafa kwa kuangukiwa na mti.

Alipostaafu alianza kuwa mtu wa ajabu. Alikataa kwenda dukani kwa miguu, akisema dukani kuna wambea. Alikataa kupanda kwenda makaburini kwa wazee wake. Akitembea na watu, ghafla husimama kutazama ua wa mtu au paa la mtu, kana kwamba anataka kununua. Obren, kaka yake Stanojka, dereva wa treni mstaafu na mdomo wa kijiji kizima, hakuliacha lipite.

"Shemeji, mbona siku hizi unatembea kama bi harusi anayepelekwa kwa mume asiyemtaka?"

"Na wewe mbona unaongea kama injini iliyokatika breki?"

Wakacheka. Lakini usiku Stanojka aliamka akamkuta mume wake ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto ameuning'iniza chini, ameuma kona ya mto. Akaushika ule mguu. Ulikuwa baridi ya kutisha.

Sasa, Kamenjača baridi ya miguu haichezewi. Kwetu kila balaa huingilia miguuni: kikohozi, utasa, mtoto kufeli hesabu. Kwa hiyo kila nyumba ina tofali lake. La Stanojka alikuja nalo kutoka kwa mama yake siku aliyoolewa, jekundu, kona moja imelika. Huwekwa ndani ya jiko la kuni mpaka liive, likaviringishwa kitambaa cha flaneli, likaingizwa kitandani kwenye nyayo. Tofali hilo lilimtibu binti yao Ljubinka surua, homa ya mapafu na mapenzi ya kijana mmoja mpumbavu. Stanojka akaanza kulipasha kila usiku. Vidosav akawa analisukuma pembeni kwa mguu mzima, kimya kimya, asimvunje moyo.

Mwezi wa kumi, akimmwagia maji ya kunawa miguu, Stanojka akaona kidole cha nne cha mguu wa kushoto kimegeuka zambarau, ncha yake nyeusi. Alikwenda uani akampigia simu kaka yake.

"Leta gari," alisema. "Na usifanye mzaha wowote, Obren, nitakupiga."

*

Belgrade, kwenye hospitali ya mishipa, waliingia kwa daktari Zagorka, mama mfupi mwenye mikono ya haraka. Alimbonyeza Vidosav kinenani, nyuma ya goti, kisha juu ya unyayo. Akauliza, "Mzee wangu, unatembea mita ngapi kabla maumivu hayajakusimamisha?"

Vidosav akamtazama mke wake, akatazama ukuta.

"Mataruma sitini."

"Nini?"

"Mataruma ya reli, yale magogo yanayolala chini ya chuma. Yalipoanza, miaka mitatu iliyopita, yalikuwa mia nne. Kigimbi kinakaza, nasimama, kinaachia, naendelea. Halafu yakawa mia mbili. Mwezi wa mwisho kazini yalikuwa sitini. Nikisimama nilikuwa nagonga boliti, ili mtu akiniona aseme nakagua."

Stanojka alihisi uso unamwaka. Miaka mitatu! Miaka mitatu analala na mtu huyu, anampikia, anamfulia soksi, na hakuambiwa. Alitamani kumzaba kibao pale pale mbele ya daktari.

Daktari akaleta kidude cha kusikilizia damu, akakiweka kwenye mshipa wa mkono wa Vidosav. Kikatoa sauti: fwaa, fwaa, fwaa. Akakihamishia kwenye mguu wa kulia. Sauti ile ile, lakini dhaifu. Akakiweka kwenye mguu wa kushoto. Kimya.

"Hapo pamekatika," Vidosav alisema kabla ya daktari. Kazi yake ilikuwa kusikiliza.

"Pameziba. Mafuta na moshi wako vimeziba mshipa mkubwa wa pajani. Damu haishuki, na mguu unaoza ukiwa hai. Nitachukua mshipa mwingine kutoka mguu wako mwenyewe, ule wa juu juu usio na kazi kubwa, niuunganishe hapa kinenani na hapa chini ya goti. Damu ipite pembeni."

"Njia ya mchepuko."

"Hiyo hiyo. Wewe utanielewa kuliko wanafunzi wangu."

"Na nisipofanyiwa?"

"Nitaukata kabla ya mwaka kwisha."

Vidosav akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo Stanojka alijua linakuja, akafumba macho.

"Na nikifanyiwa, tarehe kumi na tisa Desemba nitaweza kusimama?"

Daktari Zagorka alikuwa mtu wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Akavua miwani.

"Mtakatifu Nikola," alisema. "Kila mwaka napata wazee wa Nikola wasiopungua watatu. Tuukoe mguu kwanza, mzee wangu. Mambo ya Nikola tutazungumza."

Kwa asiyejua: kila ukoo una mtakatifu wake, na siku yake ndiyo slava ya nyumba hiyo. Baba humwachia mwana. Hakuna anayealikwa. Mlango huachwa wazi, anayeikumbuka nyumba huja mwenyewe, na mwenyeji husimama tangu asubuhi, anamimina, anaagiza sahani, anawapokea na kuwasindikiza, mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Mwenyeji hakai. Baba yake Vidosav alisimama na homa ya mapafu. Babu yake alisimama wiki moja baada ya kumzika mke. Na Vidosav hakuwa na mwana wa kumwachia. Alikuwa na Ljubinka tu, aliyeolewa mbali na kuingia kwenye slava ya ukoo wa mumewe. Nyumba ile yeye ndiye wa mwisho. Siku atakayokaa, ndiyo imekwisha.

Upasuaji ulichukua saa tano. Stanojka alikaa kwenye benchi la korido akisali sala zote alizozijua na mbili alizozitunga pale pale. Walipomruhusu kuingia, jambo la kwanza alipeleka mkono chini ya shuka akaushika unyayo. Ulikuwa wa moto. Moto wa uhai, kama mguu wa mtoto aliyetoka kulala. Akapiga magoti palepale.

Daktari akachukua vidole viwili vya Vidosav, akaviweka upande wa juu wa unyayo wake. "Bonyeza taratibu. Unasikia?"

Vidosav alikaa muda, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokuwa akisikiliza reli. Kisha machozi yakamtoka mbele ya manesi wawili, wala hakuyafuta.

"Unapiga," alisema.

"Kila siku uuguse hapo. Siku usiposikia, unakuja saa hiyo hiyo, hata kama una chakula mdomoni. Tukikuwahi ndani ya saa chache tunaweza kuuzibua. Dawa usikose. Sigara hata moja usivute. Usisimame palepale kutwa nzima. Na joto marufuku: mguu huo umekaa muda mrefu bila damu, ngozi yake haisikii. Maji ya moto, chupa ya moto, jiko, hakuna. Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu," alisema Stanojka. Na alisikia. Mungu ni shahidi wake kwamba alisikia.

*

Desemba kumi na tisa Vidosav alinyoa ndevu kabla hakujapambazuka. Alivaa suti aliyoivaa kwenye arusi ya binti yake. Mshumaa mrefu ulikuwa mezani, mkate wa slava umepambwa, ngano tamu iko bakulini, na kwa kuwa ni mfungo, samaki, maharagwe ya kuoka na kabichi chachu.

"Nimekuwekea kiti karibu na mlango," Stanojka alisema. "Utamimina umekaa. Hakuna atakayekusema."

"Mama Ljubinka, toa kiti."

"Daktari amesema..."

"Daktari ameniunganishia mguu. Sasa umeunganishwa kwa ajili ya nini, nikae nao kochini? Toa kiti."

Akakitoa. Baadaye, miezi mingi, alikuwa akikiona kile kiti akilini, mikono yake mwenyewe inakibeba kukipeleka jikoni.

Watu walijaa. Walikuja hata ambao hawakuonekana miaka kumi, kumwona mtu aliyetiwa mshipa mpya. Vidosav alikuwa na furaha ambayo Stanojka hakuiona tangu siku ya kuzaliwa kwa binti yao. Alimimina rakija, pombe kali ya matunda, alisimulia habari ya mchepuko, alipandisha suruali kuonyesha kovu lililoshuka kama reli kutoka pajani. Obren alimpa sigara mara tano na mara tano aliikataa.

"Ameokoka huyu," Obren alitangaza. "Kesho mtamsikia anaimba kwaya."

Saa kumi jioni treni ya mizigo ilipita nyuma ya nyumba. Stanojka alikuwa analeta sahani za samaki. Alimwona mume wake ameinama kama anayevuta soksi. Alikaa ameinama hivyo kwa muda. Alipoinuka alikuwa mweupe usoni. Akamtazama kila mgeni, mmoja mmoja, akamnyooshea Obren mkono.

"Lete hiyo sigara."

"Shemeji, nilikuwa natania."

"Lete."

Aliivuta yote akiwa amesimama. Kisha ya pili. Stanojka alitaka kusema, lakini kuna namna ya kumgombeza mwenyeji mbele ya wageni? Akarudi jikoni na hasira zake. Mgeni wa mwisho aliondoka saa nne usiku.

Alipomvua kiatu, mguu ulikuwa baridi. Baridi ile ile ya zamani. Vidosav alikuwa ameshalala chali, amegeuzia uso ukutani, ananuka rakija. "Baba Ljubinka," alimwita. "Baba Ljubinka, mguu!" Hakujibu.

Kilichompata Stanojka saa ile ni hofu, na hofu haina masikio. Aliyosema daktari yote yalifutika. Alichojua ni kwamba mguu una baridi na yeye ana mikono. Alikwenda jikoni, tofali lilikuwa ndani ya jiko, maana siku za baridi halikosi humo, akaliviringisha flaneli, akaliegemeza kwenye unyayo. Akalala ubavuni kwake, akijisikia ametenda jema.

Asubuhi ngozi ya unyayo ilikuwa imevimba malengelenge, na katikati mahali pamoja palikuwa peupe kabisa. Vidosav alipatazama. Hakuwa amehisi lolote. Siku ile ilikuwa ya pili ya slava, wageni wanaanza kugonga tena, na wale wawili, aibu imewashika, walifunika mguu kwa soksi ya sufu, wakangoja mpaka kesho yake.

Daktari Zagorka alipofungua soksi, hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliweka kidude chake, kikawa kimya. Mshipa wa mchepuko ulikuwa umeganda tangu juu mpaka chini.

"Nani aliweka moto hapa?" aliuliza.

Stanojka alifungua mdomo.

"Mimi," alisema Vidosav. "Nililewa, nikalala miguu iko kwenye jiko. Mke wangu alinikataza."

Na Stanojka akaufunga mdomo. Hiyo ndiyo dhambi yake, na hajapata padri wa kumwambia. Angeweza kusema pale pale. Alimwangalia daktari akimtazama mume wake kwa dharau, mzee mlevi aliyechoma mguu aliopewa upya, naye akanyamaza, akakunja kunja leso yake.

Walijaribu kuzibua. Haikuwezekana. Siku ya nne wakaukata chini ya goti.

"Sikiliza vizuri," daktari alimwambia Vidosav siku ya kumruhusu. Sauti yake ilikuwa imelainika kidogo. "Huo wa kulia uko njia moja na mwenzake. Ukiutunza, utakufikisha mbali. Usipoutunza, nitakuona hapa mwakani, na sitaki."

*

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu. Mguu wa bandia ulikuja mwezi wa tano, ukamchuna; akawa anauvaa kwa saa mbili tu, kisha anauegemeza ukutani. Sigara aliziacha bila kuambiwa. Hakuzungumza. Treni ikipita aligeuza kichwa, akasikiliza mpaka iishe, basi. Stanojka alilificha tofali nyuma ya mapipa ya kabichi, na kila aliposhuka kuchota kabichi lilikuwa pale linamtazama. Hawakuwahi kulitaja. Alimhudumia kama mfalme, kwa sababu ya lile tofali, na kila mume wake alipomshukuru, alitamani ardhi immeze.

Mwezi wa kumi na moja, alfajiri, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Mguu wa kulia ameuning'iniza.

"Umeanza?" aliuliza.

"Umekufa ganzi tu."

"Twende kwa daktari."

"Baada ya Nikola."

Alilia, alimtukana, alimwita binti yao akatukana kwa simu. Hola. Mtu amekata kauli. Daktari alipigiwa, akasema mleteni leo. Vidosav akasema baada ya Nikola, na akasema slava hii ataisimamia na mguu wake wa bandia, kama baba yake na babu yake.

Siku ile wageni walikuwa tisa. Walikuja kwa heshima, walikaa na koti begani kama wako matangani. Vidosav alisimama karibu na mlango, suti ile ile, mkono mmoja kwenye chupa, wa pili umeshika ukuta. Kwa kuwa mguu wa bandia ulimchuna, uzito wote aliuweka kwenye wa kulia. Saa sita alikuwa anatoka jasho. Saa saba Stanojka aliona kisigino cha kulia kinanyanyuka, kinashuka, kinanyanyuka. Aliijua ngoma hiyo. Mataruma sitini. Mataruma arobaini. Sasa hata hatembei, na bado unamkaza.

"Shemeji," Obren alisema, na hapakuwa na mzaha katika sauti yake, "kaa bwana, tumekula, tumekunywa, tumekuona."

"Glasi yako iko tupu," Vidosav alimjibu.

Stanojka alirudi jikoni. Alisimama mbele ya jiko, mikono ina unga. Akashuka kwenye mapipa. Aliporudi sebuleni alikuwa na kitu kilichoviringishwa flaneli. Akalifungua mbele ya watu wote, akaliweka tofali mezani, kati ya mkate wa slava na mshumaa.

"Mama Ljubinka," Vidosav alisema, "toa hilo, unachafua kitambaa."

"Sitoi." Akawageukia wageni. "Sikilizeni ninyi. Mmesema kijiji kizima kwamba huyu alilewa akalalia jiko. Uongo. Nilimchoma mimi. Kwa tofali hili, la mama yangu. Daktari alinikataza nikisikia kwa masikio yangu, nami nikaweka. Halafu huyu akanikingia kifua, nikamwacha abebe yeye. Mwaka mzima nimenyamaza. Ule mguu niliuua mimi. Huu sitauua kwa kunyamaza. Kaa chini, Vidosav!"

Miaka yote ya ndoa hakuwa amemwita jina lake mbele za watu. Hakuna aliyetafuna. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Obren alikuwa anaangalia mikono yake.

Vidosav aliweka chupa mezani.

"Hukuuua wewe," alisema.

"Usinitetee tena!"

"Sikutetei. Hukumbuki nilipoinama? Treni ya saa kumi inapita, nikainama kuvuta soksi. Nilikuwa nagusa. Niligusa pale aliponionyesha daktari, sikusikia kitu. Nikahama kidogo, nikagusa tena. Kimya. Saa kumi jioni, mama Ljubinka. Nyumba imejaa, Obren ana gari nje, daktari amesema tukiwahi ndani ya saa chache. Nikawatazama wote mliokuwa humu. Nikaona nikikaa, nikisema jamani nipelekeni, nyumba ya baba yangu imekwisha. Nikaomba sigara."

Akahamisha mkono ukutani, akaendelea.

"Na usiku sikuwa nimelala. Nilikusikia unalia. Nilikusikia unaweka tofali, nilijua ni marufuku. Nikaliacha. Mguu ulikuwa umeshakufa. Nilisema mwache maskini, angalau alale. Ulichoma maiti. Aliyeua ni mimi, nimesimama, na chupa mkononi. Ningekuambia. Kila siku nilisema kesho. Ukinihudumia vile, nilishindwa."

Stanojka alimtazama, na hasira iliyompanda haikuwa na mfano. Mwaka mzima! Mwaka mzima ameamka na lile tofali kifuani, ameshindwa kwenda komunyo, na huyu anajua, anakula supu yake anajua. Alitaka kulinyanyua ampige nalo. Kisha aliona mkono wa mume wake ukutani, vidole vinateleza kwa jasho, na hasira ikabaki pale pale, lakini miguu yake ikaenda jikoni yenyewe. Akarudi na kiti. Akakiweka nyuma yake.

Vidosav alikitazama kiti. Alitazama picha ya mtakatifu ukutani, na picha ya baba yake chini yake.

"Basi," alisema, kwa sauti ya chini. "Mnisamehe."

Akakaa.

Hakuna aliyejua la kufanya. Wengine walisimama, wakaona aibu, wakakaa tena. Mshumaa ulikuwa umefika nusu. Obren alikuwa ameshatoa funguo za gari mfukoni, ameziweka juu ya goti. Stanojka aliifuta mikono kwenye aproni, akaichukua ile chupa, akaanza kuzunguka meza akimiminia watu, glasi moja baada ya nyingine. Wakapokea.

Vidosav aliinama, akavua kiatu cha kulia, akashusha soksi ya sufu. Aliweka vidole viwili juu ya unyayo, kichwa amekiinamisha upande. Stanojka alisimama na chupa hewani. Vidole vilihama kidogo, vikatulia, vikahama tena. Nyumba nzima ilikuwa inamngoja.

"Bado unapiga," alisema. "Kidogo tu. Obren, washa gari."